Mkwe Mlinzi wa Chemchemi

Moto ule ulianza kwa nia njema, kama mambo mengi ya wakati wa Mdachi. Bwana wa boma alikuwa anakuja kututembelea, na mtu mkubwa halali mahali penye nyasi ndefu, kwa sababu ya nyoka. Basi wakatangulia askari na vibarua kumsafishia mahali pa kupiga hema, huko kwetu kati ya Mwaya na mto Songwe. Kufyeka kunachosha, nao walikuwa wamechoka kwa safari, kwa hiyo wakatia kiberiti. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na upepo wa ziwani ulikuwa unavuma tangu asubuhi. Mtu yeyote wa kijijini angeweza kuwaambia moto utaelekea wapi, lakini hawakuja kutuuliza, walikuja kusafisha.

Nyumba zetu nyingi zilisalimika kwa sababu ya migomba iliyozizunguka. Mgomba hauna haraka ya kuungua, una maji mengi mno mwilini. Vingine vyote vilikwenda: malisho, matete ya bondeni, mabua ya mpunga, hata daraja la miti tuliloamriwa kulijenga mwaka uliotangulia, ambalo hakuna aliyelililia. Miali ilizimika upesi, ila matete yaliendelea kufuka chini kwa chini, na moshi wake ukawa unatambaa mpaka ndani ya nyumba zetu za mianzi bila kubisha hodi. Kisha ikanyesha mvua kidogo, ya kudanganya tu, ikayakokota majivu yote na kuyamwaga kwenye vijito. Maji yakawa meusi, yanateleza mkononi kama ya magadi. Kwa kulainishia maharage yangefaa sana. Sisi tuliyanywa.

Wakati huo nilikuwa mke mgeni bado, na mtoto wangu wa kwanza, wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Alianza kukohoa siku ya moshi. Baada ya mvua likafuata tumbo. Wanawake wenzangu walimtazama wakaniambia atapona, kwa sauti ile wanayoitumia watu wasipotaka kusema jambo jingine.

Bwana wa boma alifika, akaikuta kambi yake imesafishwa kuliko alivyoagiza, akaitisha baraza. Mimi sikuwapo, baraza lilikuwa la wanaume. Nayasimulia kama mume wangu alivyoyaleta nyumbani, na aliyaleta kwa furaha. Bwana alisikitika kwanza juu ya ushenzi wa kuchoma nyasi ovyo. Wanaume wakainamisha vichwa, maana waliochoma walikuwa wamesimama nyuma yake na bunduki. Kisha akaeleza kwamba baada ya moto kama ule, watu hufa kwa mambo mawili, hewa mbaya na maji mabaya, naye hatakubali mtu yeyote afe katika eneo lake. Katika hilo nasema kweli, hakuwa mtu mbaya. Alitaka tuishi, ili mradi tuishi kama alivyopanga yeye.

Kwa ajili ya hewa, aliamuru mioto yote ya majumbani izimwe mpaka moshi wa bondeni utakapoisha. Kwa ajili ya maji, aliamuru kila tone lichemshwe kabla ya kunywewa. Amri zote mbili zilitoka katika kinywa kimoja, asubuhi moja, na mkalimani, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, alizifasiri zote mbili bila kupepesa jicho. Mzee mmoja aliuliza kama maji hayo yachemshwe kwa jua. Mkalimani alisema swali hilo halina haja ya kufika kwa Bwana.

Amri ya tatu ndiyo iliyotuingiza matatani. Chini ya kilima kidogo, ndani ya migomba ambayo moto haukuifikia, palikuwa na chemchemi inayotoka kwenye mwamba. Majivu hayakuifikia. Bwana mwenyewe alishuka, akanusa, akaonja, akasema maji haya ni safi kama ya kwao. Tangu siku hiyo vijito vyote vikapigwa marufuku, na kila nyumba ikaambiwa iteke kwenye chemchemi tu. Mke wa nyumba aje mwenyewe na mtungi wake. Watoto wasikanyage pale, kwa sababu huingiza miguu majini. Ng'ombe wasikaribie. Na ili haya yote yashikwe, pawekwe mlinzi wa kukaa hapo kutwa.

"Nani hapa anaheshimiwa kuliko wote?" Bwana akauliza.

Wanaume wote, bila kushauriana, wakamwonyesha baba mkwe wangu.

Akapewa kofia nyekundu ya boma na kigoda cha kukalia. Akaambiwa asipoonekana pale mchana, kiboko kitamtafuta. Mume wangu alipofika hapo alisimama katikati ya nyumba akaniigizia jinsi baba yake alivyovaa kofia ile. Alikuwa na ndizi ya kuchoma mkononi, iliyochomwa kwenye moto uliopigwa marufuku.

Hapa lazima nimsaidie msomaji asiye wa kwetu. Kwetu mke wa mwana hamwoni baba mkwe wake. Sisemi hamsalimii, nasema hamwoni. Hapiti njia anayopita, haingii nyumba aliyomo, hatamki jina lake, wala sauti yake yeye mwanamke haipaswi kumfikia mzee yule. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke hujitosa migombani akafunika kichwa mpaka mzee apite, na mzee mwenye adabu hukohoa mapema ili kumpa nafasi. Tunaita ukutila, maana yake kuogopa, lakini ndani yake kuna heshima zaidi ya hofu. Ndiyo maana wazee walijenga kijiji chao na vijana wakajenga chao. Wala si baba mkwe mmoja tu. Ndugu zake wote ni baba wakwe zako, na wake wa wana wa ndugu zake wote ni wakwe zake. Mtu mwenye ndugu wengi na wana wengi, yaani mtu mwenye heshima kuliko wote, ndiye anayekimbiwa na wanawake wengi kuliko wote. Katika kijiji chetu cha vijana, sijui kama palikuwa na mke hata mmoja aliyeruhusiwa kumwona mlinzi wa chemchemi.

Mchungaji mmoja wa misheni, ndiye aliyekuja kunifundisha kusoma miaka ya baadaye, aliniambia desturi hiyo ni giza tupu. Labda. Nimeishi na desturi nyingi za mwangaza tangu hapo, na sikuona hata moja inayomfanya mtu mzima akohoe njiani ili asimwaibishe binti wa watu.

Sasa, wanaume wale barazani hawakuwa wajinga. Desturi yetu waliijua kama vidole vyao. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuteka maji maishani mwake, na jambo ambalo mkono haujafanya, kichwa hulisahau.

"Na sisi tutatekaje?" nikamuuliza mume wangu.

Akaacha kutafuna. Nilimwona akilifikiri jambo lile kwa mara ya kwanza, na furaha ikimtoka polepole.

"Mama atawatekea," akasema.

Mama yake alitutekea kweli. Yeye alikuwa mke wa mlinzi, hakuwa na wa kumkimbia. Alibeba mtungi akagawa maji kwa wake wa wanawe, kibuyu kibuyu, mpaka moshi ukamkaba kifua na yeye akalala mgonjwa. Nikamwambia mume wangu basi akateke yeye. Akaniuliza kama nataka achekwe mpaka sokoni Lyulilo. Alikuwa mtu mwema, naye alinipenda, ila mapenzi yake hayakuwa yamefika kwenye mtungi. Alichoweza ni kwenda kwa mkalimani kumweleza, ili Bwana abadilishe mlinzi. Mkalimani alicheka hadi akakaa chini. Alisema kwao mke wa mwana ndiye anayempikia mkwe chai. Halafu akasema hawezi kumwambia Bwana kwamba amekosea, na kama mume wangu anataka kumwambia mwenyewe, hema lile pale. Dua la kuku halimpati mwewe. Mume wangu akarudi nyumbani.

Kwa hiyo likawa hivi: maji safi ya serikali yalitiririka kwenye mwamba yakilindwa vizuri kabisa, na wanawake tukaendelea kuteka kijitoni kwa kujificha. Maji meusi niliyapatia kazi. Niliyanyunyiza sakafuni ili majivu yasipeperuke, nikaloweka majani mabichi ya mgomba nikayapachika kwenye nafasi za mianzi upande unakotoka moshi, na kila yalipokauka nikayalowesha tena. Ndani palikuwa na unafuu, mtu aliweza kuvuta pumzi bila kulia machozi. Hewa ya mtoto wangu niliilinda kwa mikono yangu. Maji yake ndiyo yaliyonishinda. Niliyaacha yatulie mtungini kutwa nzima, nikayachuja, na bado yalikuwa yakimpitia kama yalivyoingia.

Asubuhi moja niliweka kiganja kichwani mwake, nikakuta utosi umebonyea. Machoni hapakuwa na machozi ingawa alikuwa analia. Niliogopa sana. Nilijua maana ya utosi kubonyea, nilikuwa nimeuona kwa mtoto wa dada yangu, na yule mtoto hakufika jioni.

Nikachukua mtungi. Mtungi wenyewe ulikuwa mzuri, kazi ya wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, tuliununua Lyulilo kwa ndizi wakati wa harusi yangu. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko ya ngozi ya ndama nikashuka kuelekea chemchemi. Njiani nilijiambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini nilipofika ukingoni mwa migomba na kuuona wekundu wa kofia kati ya majani, miguu ikakataa. Nisieleweke vibaya. Sikumwogopa yule mzee, niliogopa kumwaibisha. Kutokea mbele yake bila kujifunika kungekuwa sawa na kumvua nguo mbele ya watu.

Nikasimama pale na maji nayasikia. Mwishowe, kwa kukosa akili nyingine, nikachukua kata ya kuchotea nikagonga mtungi, ko, ko, ko.

Nikagonga tena. Mtoto akakohoa, kikohozi kile kidogo kikavu.

Nikasikia mzee anajikohoza. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na miti, "Nimekaa mno hapa. Ngoja nikatazame ng'ombe wangu."

Ng'ombe wake walikuwa upande wa pili wa kilima, na walikuwa na waangalizi wa kutosha. Nikasikia hatua zake zinakwenda, anakohoa kila baada ya muda mfupi ili nijue amefika wapi. Kilipokuwa mbali kikohozi chake, nikatoka migombani.

Kigoda kilikuwa wazi, na juu ya kigoda ameiacha kofia nyekundu, imekaa wima, inalinda. Nikarudi nyuma haraka. Nguo ya baba mkwe nayo haiguswi wala haisogelewi, na mimi sikuwa na hakika na kofia. Je, ilikuwa yake au ya boma? Nikaipima ile kofia kwa macho. Haikuwa imefumwa kwetu, haikununuliwa kwa ng'ombe wake, na siku atakayokufa hatazikwa nayo. Nikaamua kwamba ni ya boma, na boma halikuwa baba mkwe wangu. Nikateka.

Nyumbani niliwasha moto mdogo nyuma ya kihenge cha nafaka, nikayachemsha maji yale. Nilivunja amri ya kwanza ili nitimize ya pili, na sikusikia dhambi yoyote. Nilimpa mtoto kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, kutwa, kwa sababu akipewa kwa kijiko alitapika.

Siri ya wanawake haiwekwi chunguni. Kesho yake tulikuwa wengi ukingoni mwa migomba, kila mmoja na kata yake. Tukagonga, mzee akakumbuka ng'ombe wake, tukateka. Suala la kofia lilirudi na wenzangu wakalijadili kwa kirefu, mmoja akasema tuifunike kwa jani ili tusikosee upande wowote. Tukaifunika. Basi ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Yule mzee alikuwa na ng'ombe waliotazamwa kuliko ng'ombe wowote wa bonde lile, mchana akirudi anakuta chemchemi imefagiliwa na vyombo vya kuchotea vimeoshwa, na jani limelala juu ya kofia yake. Hakuuliza. Hatukuwahi kusemezana neno, na bado sijapata kuelewana na mtu mwingine yeyote vizuri namna ile.

Mtoto akaanza kutulia. Tumbo lilifunga kwanza. Moshi wa bondeni ulipungua, na kikohozi kikawa cha alfajiri tu. Nilikuwa napapasa utosi wake kila nikimnyonyesha, na siku nilipokuta umesawazika nililia, mume wangu akadhani mtoto amekufa.

Bwana wa boma alirudi kukagua bila kupiga mbiu. Kwa wakaguzi hilo ni jambo la kujivunia. Alifika chemchemini asubuhi, akakuta wanawake wamejaa, wanacheka, mlinzi hayupo, na kofia ya serikali imefunikwa jani la mgomba juu ya kigoda. Hakutazama maji. Yangemwambia yenyewe, maana yalikuwa safi mpaka chini kwenye changarawe. Alitazama kigoda.

Safari hii baraza liliitwa la watu wote, wanawake na watoto pia, ili wote wafundishwe afya. Askari walitukusanya uwanjani tukasongamana, tukafungiwa njia za kutokea. Baba mkwe akaletwa katikati. Sisi wakwe zake tulikuwa tumefunika vichwa tangu tulipoambiwa analetwa, tunasikia tu.

"Kwa nini uliacha kazi?" mkalimani akamuuliza.

"Nilikwenda kutazama ng'ombe," mzee akasema.

"Kila siku?"

"Ninawapenda."

Mume wangu alikuwa mbele pamoja na wanaume. Nilimsikia anaanza, "Bwana, baba yangu hakuacha kazi, wanawake wetu..." Mzee akamkata kwa Kinyakyusa, taratibu, anyamaze. Nilielewa kwa nini. Kama kisa kingesemwa, Bwana angetaka mashahidi, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Tungetolewa mmoja mmoja tukasimamishwa uso kwa uso na mkwe wetu, tuseme kwa sauti zetu aliyotutendea. Mzee aliona kiboko ni nafuu. Na mkalimani, aliyekuwa akijua kila kitu tangu siku aliyocheka mpaka akakaa chini, alirekebisha kanzu yake akafasiri habari za ng'ombe.

Walipomlaza chini, sisi wakwe zake wote tulimpa migongo. Hakuna aliyetuambia. Mtu yule alikuwa anavuliwa nguo hadharani, na kama wengine walilazimishwa kuona, sisi angalau angetupata hatumwoni. Uwanja mzima wa wanawake uligeuka, ukatazama migomba. Tulisikia kiboko. Yeye hatukumsikia. Nilikuwa na hasira ambayo sijaimaliza mpaka leo, na ulimi uliokuwa na ushahidi wote, na ulimi huo ndio uliokatazwa kumfikia.

Kilipokwisha, Bwana akasema maneno, na mkalimani akayafasiri kwa sauti ya kupendeza. Bwana amefurahi kuona kwamba hata wanawake wamempa kisogo mtu mzembe. Hii ni dalili kwamba somo la maji limeingia. Tangu sasa chemchemi italindwa na askari. Na ni kweli, askari yule hakuwa mkwe wa mtu, tuliteka mbele yake bila shida yoyote, watoto wakaacha kuhara kijiji kizima, na nasikia boma lilijua kabisa kilichowaponya: kiboko.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, mzee aliposimamishwa na kuambiwa aende zake, njia pekee iliyokuwa wazi ilipita katikati yetu. Hatukuwa na migomba ya kujitosa. Tulibana mabega, tukainama, nguo usoni. Nikamsikia anakuja, anaburuta mguu, na kila hatua chache anakohoa, ili tujiandae. Mgongo wake ulikuwa umechanika, naye anatuangalia tusiaibike.

Mtoto wangu alikuwa mbelekoni. Mjukuu hana ukutila, mjukuu huruhusiwa kumshika babu yake popote, hata ndevu zake. Nikahisi anajipinda mgongoni mwangu kutazama nyuma. Hatua zikasimama. Mbeleko ikasogezwa kidogo, na nikajua kwamba kuna mkono umewekwa kichwani mwa mwanangu, kwa sababu niliusikia uzito wake mgongoni.

"Amepona," mzee akasema, si kwangu.

Neno la kumjibu lilikuwa mdomoni mwangu, ndaga, ahsante, neno fupi tu. Nikaliuma. Mtoto akacheka kwa sauti kubwa uwanja mzima ukasikia, na yule mzee akaanza tena kutembea.